Safari ya Idjwi na moteri yenye kuvuja

Juma lililopita nilikwenda Idjwi kuchukua mananasi ya soko. Tulitoka Bukavu alfajiri, ziwa limetulia. Mitumbwi ya sambaza ilikuwa inarudi kutoka kazi ya usiku, mitatu mitatu imefungwa pamoja, taa zimezimwa. Ziwa Kivu liko mita 1.460 juu ya bahari, na baridi yake ya asubuhi mnaijua: tulijifunika vitenge hadi masikio.

Boti ni ile ya chama chetu. Moteri yake ni ya zamani, na kwa miezi miwili ilikuwa inatutesa. Ikikimbia kwa muda, inaanza kukohoa na kupoteza nguvu. Fundi mmoja wa mjini alituambia imekufa, tununue nyingine kwa dola 900. Akiba yetu yote ni kama hiyo, na tuliiweka kwa minervali ya watoto wa sekondari.

Mbali na nchi kavu, ikaanza tena. Ikakohoa, ikakohoa, ikanyamaza. Mama mmoja akakaza kitambaa cha mtoto mgongoni, mwingine akaanza kusali. Wanaume wakashika makasia kwa zamu hadi tukafika.

Pale bandarini Idjwi kuna papa mzee anayetengeneza moteri chini ya mti wa avoka. Alitoa kofia ya moteri, akaniita: «Mama, njoo uone.» Ndani kote kulikuwa kumelowa.

Akanifundisha. Moteri hiyo inapozwa na maji ya ziwa. Pompi iliyo chini inayavuta, yanazunguka ndani ya chuma, kisha yanatoka. Mengine yanatoka kwa tundu dogo la pembeni. Mafundi wanasema moteri inakojoa. Yetu ilikuwa inavuja njiani, kwenye kifuniko kidogo kilicho juu ya kichwa cha moteri. Maji yalirukia buji, na buji ikilowa, moteri inakohoa. «Haijafa, mama. Jointi tu ndiyo imeoza.»

Alifungua buloni za kifuniko polepole, maana buloni ya zamani ikilazimishwa inakatika. Alikwangua jointi iliyooza kwa wembe, bila kuchuna chuma. Akaweka kifuniko juu ya karatasi ngumu ya jointi, akachora, akakata kwa makasi. Akapaka grisi kidogo sana, akarudisha, akakaza buloni moja kisha ile inayoitazama, kidogo kidogo, ili kifuniko kikae sawa. Mwisho akakausha buji na nyaya zake.

Tukaiwasha, mguu wake ukiwa ndani ya maji. Ikakojoa vizuri, na ndani kukabaki kukavu. Nililipa faranga 25.000, karatasi na kazi pamoja.

Papa alinionya pia: jointi kubwa ya kichwa chenyewe, ile inayozuia moto, haikatwi kwa karatasi hii. Hiyo inanunuliwa ya kweli. Na mafuta ya gia ya chini yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia kule; msisafiri kabla fundi hajatazama.

Tulirudi Bukavu jioni na mananasi yetu, moteri haikukohoa hata mara moja. Nilifikiria zile dola 900 njia nzima. Tulikaribia kuzitoa kwa sababu ya kipande cha karatasi.

Basi, wamama, ninaomba mambo matatu kwa mkutano ujao. Tununue karatasi ya jointi na buji mbili, zikae ndani ya boti pamoja na makasia na jile za kuokoa. Fundi akisema kitu kimekufa, tuulize wa pili kabla ya kugusa akiba. Na kila mama anayepanda, kabla ya kuketi, atazame lile tundu la pembeni. Kama moteri imewashwa na haikojoi, izimwe palepale, na mtu yeyote asiondoke bandarini.