Mtumba na Heshima ya Mvaaji

Mavazi ni haja ya pili ya mwanadamu baada ya chakula, lakini machoni pa watu hutangulia. Njaa ya mtu imo tumboni mwake na jirani haioni. Suruali iliyochanika huonwa na kila mpita njia. Kwa hiyo mtu wa kipato kidogo ana mashaka mawili kila mwezi: apate kula, na apate kusitirika mbele ya wenziwe. Juu ya mashaka ya kwanza mengi yameandikwa. Mimi nataka kusema machache juu ya mashaka ya pili, hasa ya mwanamume wa mkoa wa Songwe ambaye kazi yake yamtaka avae koti na shati safi, na mshahara wake wamkataza kuingia dukani.

Mimi ni mwana wa Mbozi, mtoto wa mkulima wa kahawa. Nilipoajiriwa kuwa mwalimu wa sekondari katika wilaya hiyo hiyo, nguo zangu zilikuwa mashati mawili na suruali moja niliyoitumia chuoni. Nchi yetu ni ya nyanda za juu. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya asubuhi humwingia mtu mifupani, na mwalimu anayetetemeka mbele ya ubao hasikilizwi. Koti nililihitaji kwa ajili ya mwili, na kwa ajili ya cheo pia. Jipya la dukani lilitaka zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Nikaenda Tunduma.

Tunduma ni mji wa mpakani. Upande wa pili ni Nakonde, katika nchi ya Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika hapo baada ya kilomita zaidi ya 900, na reli ya TAZARA hupita hapo pia. Tangu mwaka 2019 nchi mbili hizi zina kituo cha pamoja cha forodha, na foleni ya malori haikomi. Mji ulio njiani hupata cha kila apitaye. Nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani hushushwa katika bandari, hupandishwa nyanda za juu, na mwisho wake hutandazwa juu ya turubai mbele ya miguu ya mnunuzi.

Wauzaji wake si matajiri. Mmoja ana kibanda cha mbao; wa pili ana turubai tu; wa tatu hana hata turubai, huning'iniza makoti kumi begani na kuzunguka nayo mitaani tangu asubuhi mpaka jua kuchwa. Hununua marobota yaliyofungwa kwa mikanda, kila moja lenye uzito wa kilo 45 au zaidi, na hawaruhusiwi kuona kilichomo kabla ya kulipa. Anunuaye robota hununua bahati. Likifunguka likawa na mashati mazima, watoto wake watakwenda shule. Likiwa na matambara, mtaji umekwisha. Mnunuzi anayelalamika juu ya bei ya shati moja na akumbuke kwamba bei hiyo imebeba pia mashati yasiyouzika. Siku robota linapofunguliwa bei huwa juu na wajuzi huwahi. Kadiri siku zinavyopita hushuka, mpaka masalio huuzwa kwa mafungu.

Nguo za kiume ni adimu kuliko za kike katika biashara hii, na sababu yake si ngumu. Wanaume wa nchi zile hununua nguo chache na huzivaa mpaka zichakae. Kifikacho kwetu ni kidogo, na katika kidogo hicho kingi kimepauka. Tena miili yao mara nyingi ni mipana kuliko yetu. Ndiyo maana mwanamume atafutaye nguo katika rundo lazima awe na jicho la kuchagua na fundi wa kurekebisha.

Jicho hufundishwa. Shati hutazamwa kwanza kwenye ukosi, kisha kwapani, kisha mwisho wa mikono, kwa maana huko ndiko jasho na msuguano huanzia kazi yao. Suruali huinuliwa juani. Mahali kitambaa kinapopitisha mwanga kuliko pengine, hapo patachanika. Kiuno chake, kikifungwa vifungo, huzungushwa shingoni: ncha zikikutana bila kubana, huenda ikakufaa bila kuivaa. Koti hutazamwa bitana, maana huko ndani ndiko uchakavu hujificha. Na juu ya yote hutazamwa bega. Fundi mmoja mzee, ambaye cherehani yake ilikuwa kibarazani karibu na soko, aliniambia, “Mwanangu, nunua bega, mengine niletee mimi.” Maana yake ni kuwa kiuno hupunguzwa, mkono hufupishwa, pindo hukunjwa, lakini bega la koti likiwa pana mno kulirudisha ni kazi ya kulifumua koti zima. Koti nililompelekea lilikuwa la sufu ya kijivu. Alilifumua ubavuni, akalipunguza, akabadili vifungo viwili. Nilipolivaa hapakuwa na mtu aliyeweza kusema lilishonewa mwingine.

Majina ya bidhaa hii yastahili kuchunguzwa na wanafunzi wa lugha. Wazee wetu waliiita kafa Ulaya, kwa kudhani kwamba hakuna mtu aliye hai awezaye kutupa koti zima. Waghana nao wana jina lenye maana ya nguo za mzungu aliyekufa. Baadaye sisi tuliacha habari ya mauti tukaiita kwa mzigo wake: mtumba ni furushi, na jina la furushi likahamia kwa kilichomo. Huko Nakonde husema salaula, neno la Kibemba la kuchagua kwa kupekua katika rundo. Na Wanyarwanda husema caguwa, ambalo ni neno letu chagua lililosafiri. Ukiyapanga majina haya utaona la kwanza lamtaja maiti, la pili lautaja mzigo, la tatu lalitaja tendo la mnunuzi. Mimi naliheshimu la tatu, kwa kuwa ndilo pekee linalomtaja mtu aliye hai akitumia akili yake.

Lakini nilikuwa na mpinzani, na mpinzani huyo alikuwa baba yangu. Nilipokwenda kumwamkia nikiwa na koti langu, aliishika bitana kwa vidole viwili akauliza, “Mwenyewe yu hai au amekufa?” Alikuwa mtu wa zama za uhaba wa mwanzo wa miaka ya 1980, wakati kitambaa kilipotafutwa kama dawa, kabla serikali haijawaruhusu mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Hata wakati ule hakukubali kuvaa kilichovuliwa na mwingine. Alikuwa na suti moja, aliyoshonewa kwa kitambaa kipya baada ya mavuno mema ya kahawa, naye aliivaa kanisani kwa miaka thelathini. Akanipigia methali: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Nilimjibu kwa adabu kwamba nguo ya kuazima ina mwenyewe atakayeidai, na hii haina. Iliachwa, ikauzwa, nikailipia, ikakatwa kwa kipimo changu. Baba akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Sawa, mwanangu. Na fundi wako huyo, siku hizi anashona nini?”

Swali hilo lilikuwa zito kuliko methali. Yule mzee wa kibarazani alijua kukata suti tangu mwanzo hata mwisho, lakini kutwa nzima alikuwa akipunguza viuno vya suruali za watu wa mbali. Nchi yetu hulima pamba. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, ili pamba hiyo ivaliwe na waliyoilima; nguo za bei ndogo kutoka nje zilipofurika, viwanda vyetu vingi vilidhoofu, ingawa mitambo mikuukuu na uongozi mbaya vilichangia. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba katika muda wa miaka mitatu. Marekani ikatishia kuwaondolea nafasi ya kuuza nguo sokoni mwake bila ushuru. Wengine wakarudi nyuma, nchi yetu ikiwamo, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ilinyimwa nafasi hiyo mwaka 2018.

Basi nimesimama wapi? Simwoni mwenye kuvaa mtumba kuwa ameivunja heshima yake. Heshima ya vazi ni usafi wake, na kukaa kwake mwilini, na uhalali wa fedha iliyolinunua. Kumwambia mwalimu wa Mbozi au kijana wa Momba asivae mpaka viwanda vifufuke ni kumwambia akae uchi kwa ajili ya wajukuu. Na muuzaji wa turubai akifukuzwa leo, hakuna kiwanda kitakachomwajiri kesho. Lakini baba naye hakukosea. Nchi inayovaa mabaki tu itafika siku ambayo mikono yake imesahau kukata kitambaa kizima, na ujuzi ukisahauliwa haununuliki kwa robota.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni, nami naitoa kwa anayeitaka. Koti na suruali za kila siku nazitafuta Tunduma, kwa jicho nililofundishwa. Kila mwaka, kahawa ya nyumbani inapolipwa, nanunua kitambaa kipya, japo cha shati moja, nampelekea yule mzee akate mwenyewe. Mara ya kwanza aliupima mwili wangu mara mbili, akaandika vipimo kwa chaki juu ya meza, akamwita mwanagenzi wake aje atazame.