Hesi Ishirini na Nne

Marehemu kaka yangu aliacha Land Rover ya mwaka 1966. Shemeji alinikabidhi ufunguo kwa sharti kwamba nisiliuze gari hilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. "Mwalimu," aliniambia, "nataka nilisikie likinguruma hapa uani kabla sijamfuata mwenyewe." Wakati huo macho yake yalikwisha kufifia. Nilidhani injini ndiyo itakayonitesa. Kumbe nilihangaika miezi minne kwa ajili ya bolti za pampu ya maji.

Niwieni radhi nikianza na neno. Ile mistari inayouzunguka mwili wa bolti na kuishika nati, kamusi zetu huiita hesi. Nilipoingia duka moja la vipuri Gerezani, Dar es Salaam, nikaomba bolti ya hesi nyembamba, kijana wa kaunta akadhani nazungumzia hesabu. Mwenzake akamwambia, "Mzee anataka thredi." Tunalo pia neno parafujo, tulilolipata kwa Wareno, na tunaye mkereza, fundi wa kuchonga vitu kwa mashine ya kuzungusha, lakini siku hiyo sikuthubutu kuyatamka.

Magari ya Uingereza ya miaka ile yana mchanganyiko wake. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza hesi yenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikakubaliana juu ya hesi ya digrii 60, kwa kipimo kilekile cha inchi. Viwanda havikubadilika kwa siku moja, hivyo gari moja likaweza kubeba hesi za kale na za kisasa. Bolti zangu zilikuwa za inchi 5/16, zenye hesi 24 katika kila inchi. Ndugu yake wa kale, BSF, ana unene uleule lakini hesi zake ni 22. Nayo bolti ya milimita 8, iliyojaa madukani leo, huizidi yangu kwa sehemu sita tu za mia za milimita. Jicho halioni tofauti hiyo. Tena hesi zake zimeachana zaidi.

Ndipo nilipokosea. Fundi mmoja alinishikisha bolti ya milimita 8 akisema, "Itaingia tu, mzee, ukiikaza." Nami, niliyezoea kumkata mwanafunzi alama kwa mshororo wenye mizani kumi na saba badala ya kumi na sita, nikakubali! Iliingia mizunguko miwili kwa vidole, ikagoma. Nikatwaa spana. Kitambo kidogo ikalegea ghafla, na aliyewahi kukaza bolti anaujua ulegevu ule: hesi za ndani ya chuma zilikuwa zimekatika. Tundu lililodumu zaidi ya miaka hamsini nililiharibu kwa dakika moja.

Shemeji alipouliza, nilimjibu kwamba vipuri viko njiani. Nilirudia uongo huo wiki tatu.

Bolti za kweli nilizipata kwa mzee mmoja anayehifadhi vyuma katika makopo ya maziwa. Hakuniuliza gari gani. Alitoa kipimo chenye vibapa vya meno, akakilaza juu ya bolti yangu ya zamani, akaiinua kwenye mwanga kuona kama kuna upenyo. Kibapa cha 22 kilipanda juu ya hesi. Cha 24 kikalala kimya. Akapekua makopo matatu kabla hajatoa bolti saba. Sita nilizihitaji, ya saba nikainunua iwe akiba. Ama lile tundu, mkereza alilipanua, akalikata hesi kubwa zaidi, kisha akalivisha koili ya chuma ambayo kwa ndani hurudisha kipimo cha awali.

Jioni ile nilimweleza shemeji yote, pamoja na wiki tatu za uongo. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo umelivunja?"

"Tundu moja, shemeji."

"Kaka yako alilivunja zaidi ya hapo, na hakuniambia hata siku moja."

Akaniomba ile bolti ya akiba. Akaipitishia ukucha taratibu, kutoka kichwani hadi mwisho, kisha akaugeuza upande wa pili akarudia.

"Hii ndiyo yake?"

"Ndiyo yake."

"Basi nenda ukaliwashe."