Tumekosa

Mwanafunzi mpenzi, leo naomba tukae na kiambishi kimoja tu, kile cha nafsi ya kwanza wingi: tu-. Nilikuwa nimekifundisha kwa miaka kadhaa kabla sijaulizwa swali lililonifanya nisite ubaoni, chaki mkononi.

Nilikuwa mwalimu katika shule moja ya sekondari kwenye visiwa vya Lamu. Wengi wa wanafunzi wangu walikuwa Wabajuni, na baadhi yao wajukuu wa wavuvi waliotoka Chula, Chovai na Koyama, visiwa vilivyojipanga kusini mwa Kismayo. Wazee hao walivuka mpaka baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Mimi ni mtu wa bara, Mwanglikana, mzaliwa wa Kirinyaga. Walinipokea vyema na kunisahihisha lafudhi yangu bila kunicheka sana.

Jumanne, tarehe 14 Februari 2023, Rais William Ruto aliongoza maombi ya kitaifa katika uwanja wa Nyayo, Nairobi. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya, na Somalia vilevile. Juma hilo redioni nilimsikia mhubiri mmoja akiungama kwa niaba ya nchi nzima: tumeiba, tumemwaga damu, tumelewa. Msichana wa kidato cha pili alikuwa amemsikia pia. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, katika ile 'tumelewa', na mimi nimo?"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Hajapata kuionja pombe, wala mamaye, wala bibi yake aliyezaliwa Chula.

Nilianza na jibu jepesi. Kifungu cha 8 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema hakuna dini ya taifa. Kwa hiyo hakuna awezaye kukulazimisha kutubu, hata rais. Jibu hilo ni sahihi, lakini yeye alikuwa ameuliza lingine. Kule kwa jamaa zake, katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 inaufanya Uislamu kuwa dini ya dola, na kwa hiyo katika dua ya mvua Mbajuni yumo kabisa. Lakini viti vya siasa vikigawanywa kwa koo, koo nne kubwa hupata fungu zima kila moja, na jamii ndogo zote, Wabajuni wakiwemo, hugawana nusu ya fungu. Wanatiwa katika tu- ya ibada na kusahaulika katika tu- ya madaraka. Bibi yake hakuhitaji kufundishwa sarufi hiyo.

Naomba nieleze ilikotoka tu- ya yule mhubiri. Katika Biblia, nabii Danieli, mtu ambaye hakutajwa kwa uovu wowote, aliomba kwa ajili ya watu wake akijihesabu miongoni mwa waliokosa. Mfalme wa Ninawi, katika kitabu cha Yona, aliposikia mji wake utaangamizwa, aliamuru mji wote ufunge, hadi mifugo. Wakristo wengi huona hapo msingi wa toba ya taifa. Wengine hawakubali, nao husema taifa halina moyo wa kutubu, mtu mmoja mmoja ndiye mwenye nao. Tena mkubwa anayesema "tumeiba" amejificha nyuma ya wingi. Mimi huwaelewa hao wa pili kuliko ninavyopenda kukiri.

Sababu yake ni ya nyumbani. Baba yangu alikunywa. Mama alikuwa wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya mwaka 1937, ambao watu wake huungama mbele ya wenzao na kuiacha pombe kabisa. Kila jioni alitukusanya sisi watoto, kitanda cha baba kikiwa kitupu, akaomba: "Bwana, tumekosa." Nilikuwa na miaka kumi, nikakasirika. Nani alikuwa amekosa? Ada ya shule ilinyweka kilabuni, na asiyekwenda huko alikuwa akiomba msamaha.

Msidhani Wakristo wote wanaionea pombe kama mama yangu. Wakatoliki na Waanglikana hutumia divai katika ibada yenyewe, na wapo wanaosema kilichokatazwa ni ulevi. Wanamtaja Mtume Paulo, aliyemshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo. Wasabato na Wapentekoste wengi husema usiiguse. Nami siigusi, ingawa ni kwa sababu ya kile kitanda kuliko ya Maandiko. (Na hapa pwani ya Waislamu, methali ambayo kila mtoto anaijua ni ya mgema anayelitia tembo maji akisifiwa! Lugha haikungoja fatwa.)

Nilimweleza msichana yule habari za Danieli. Za baba yangu sikumweleza. Akafikiri, kisha akasema kwao pia huanza kwa toba: kabla ya swala ya kuomba mvua watu huhimizwa kuomba maghufira na kurudisha haki za wenzao, na imamu hugeuza joho lake nje ndani. "Ila kwetu, Mwalimu, ukiwa na deni la mtu unamlipa kwanza."

Baba aliiacha pombe uzeeni, kwa amri ya daktari. Mama aliendelea kusema "tumekosa" hata baada ya hapo, na siku moja nilisikia sauti nzito ya pili ikilitamka neno lilo hilo pamoja naye, taratibu, kama mtu anayejifunza lugha.

Mvua zilinyesha masika yale. Katika insha yake msichana aliandika: "Tuliomba mvua." Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, nilitaka kuandika pembeni, "Akina nani?" Nikampa alama zake, nikachukua daftari lililofuata.