Kopo la penseli la babu wa Nassa

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukavuka Mto Simiyu na kuipita Magu, ziwa huanza kuchungulia upande wa kushoto. Kulia ni mashamba ya pamba na mawe makubwa yaliyobebana. Hapo umeingia Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, na Nassa haiko mbali. Wengi wanaijua kwa kiwanda cha kuchambua pamba. Waumini wa AIC wanaijua kwa misheni yake kongwe, ambayo Africa Inland Mission iliipokea mwaka 1909.

Lakini katika nyumba moja ya hapa, kilichozua mjadala si pamba wala dagaa. Ni kopo la maziwa ya unga lililojaa penseli za zamani.

Mwenye kopo ni mzee mstaafu, aliyekuwa mchoraji ramani serikalini kabla kompyuta hazijaingia maofisini. Penseli zake 14 si za mbao. Ni za chuma na plastiki ngumu, zenye kitufe kisogoni. Ukikibonyeza, meno madogo yaliyo mdomoni hufunguka na kijiti cheusi chenye unene wa milimita 2 hushuka. Ukikiachia, meno hukibana. Asiyejua husahau kukinga kidole, kijiti kikaanguka na kuvunjika.

Moja ni Staedtler ya Ujerumani, aliyopewa alipoanza kazi. Nyingine ni Koh-i-Noor, kutoka nchi iliyoitwa Czechoslovakia. Zilizobaki aliziokota moja moja, wenzake walipokuwa wakizitupa.

Siku moja mjukuu wa miaka miwili alikutwa na kitufe cha penseli mdomoni. Bahati njema kilikuwa bado juu ya ulimi, kinaonekana, na mama yake akakitoa. Jioni akamfuata mkwewe.

"Baba, naomba hivi vitu viondoke humu ndani. Mtoto atakabwa, au hiyo risasi itamdhuru."

Mzee alikaa kimya kidogo. "Mayu, risasi humu hamna. Ila la kitufe umesema kweli."

Wote wawili wana hoja, na mzazi anapaswa kuzijua zote mbili. Kiini cha penseli si madini ya risasi. Ni grafiti iliyochanganywa na udongo na kuchomwa, njia iliyobuniwa Ufaransa na Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Jina la risasi lilitokana na kosa la zamani huko Ulaya, grafiti ilipodhaniwa kuwa aina ya risasi. Mtoto akimeza kipande kidogo cha kiini hicho, hakimpi sumu.

Hofu ya risasi ina mahali pake: rangi iliyopakwa nje ya vitu vya zamani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Hivyo mtoto asitafune penseli kuukuu iliyopakwa rangi.

Hatari ya haraka zaidi ni kukabwa. Mtoto akikabwa lakini bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe huku ukimwangalia. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe mbele umpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Kwa mwenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja, kisipotoka, simama nyuma yake umbane tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara tano, kisha rudia. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, maana unaweza kukisukuma ndani zaidi. Omba msaada wa kumfikisha kituo cha afya.

Mama alitaka kopo lote liende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mzee hakubishana. Aliomba tu asikilizwe kisa anachowasimulia wajukuu. Mwaka 1915, Mjapani Tokuji Hayakawa alitengeneza penseli ya chuma ya kusukuma kiini, iliyokuja kuitwa Ever-Sharp. Mwaka 1923 tetemeko la ardhi la Tokyo likamchukulia kiwanda, mke na watoto wawili. Alianza upya Osaka, na kampuni yake ikabeba jina la penseli ile: Sharp, wanaotengeneza televisheni na mashine za kukokotoa.

"Mimi sina shamba kubwa la kuwaachia," mzee alisema. "Nilichonacho ni mkono uliojua kuchora. Nao umeanza kutetemeka."

Wakaafikiana. Kopo linakaa juu ya kabati, ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo anao mama. Hufunguliwa Jumamosi, mdogo akiwa amelala. Anayefundishwa ni dada yake wa darasa la sita: H ni kiini kigumu cha mstari mwembamba, B ni laini na cheusi, HB ni cha kuandikia majina.

Jumamosi iliyopita walipima nyumba yao kwa kamba, wakaichora sentimita 1 kwa kila mita 1. Msichana alinyoosha mistari, babu akamshikia rula. Mama alisimama nyuma yao, akauliza mlango wa jiko uko wapi. Ulikuwa umesahaulika, ukachorwa.

Kisha akahesabu vitufe, kimoja kimoja, hadi vikatimia 14. Ndipo kopo likarudi juu.