Tabia Mbili Katika Mwili Mmoja

Husemwa kwamba tangawizi ni dawa. Hapana shaka ni dawa, lakini yafaa kuuliza ni dawa ya nani, na kwa wakati gani. Kuuliza hivyo nilifundishwa na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la viungo mjini Nakuru. Wazee wake walitoka Gujarat wakafuata biashara kando ya reli, ile iliyofika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Pamoja na bidhaa zao walileta elimu ya uganga iitwayo Ayurveda, ambayo vitabu vyake vya kale viliandikwa kwa Kisanskriti.

Elimu hiyo hutaja nguvu tatu mwilini. Vata ni ya upepo, nayo ni kavu, baridi na haitulii. Pitta ni ya moto, kali yenye kuunguza. Kapha ni ya maji na udongo, nzito na ya polepole. Msomaji wa pwani hatashangaa, maana wazee wa Lamu na Unguja nao hugawa vyakula na maradhi kwa hari na baridi. Wenye tabia moja tu ni wachache. Wengi wetu tumechanganyika, na hapo ndipo ilipo taabu, kwa kuwa kinachomtuliza mmoja humchokoza mwenziwe.

Mimi nilikuwa mfano wa taabu hiyo. Mwezi wa Julai, baridi ya asubuhi iliposhuka kutoka Menengai, magoti yaliniuma na usingizi ukanikimbia. Hiyo, alisema, ni vata. Lakini kila nilipokunywa chai ya tangawizi nipate joto, tumbo liliwaka moto, nayo ni pitta. "Mwalimu," akaniambia, "una wageni wawili nyumbani. Wapikie chakula wanachokila wote wawili."

Chakula hicho kilikuwa wali laini uliopikwa pamoja na choroko na samli kidogo, maziwa ya moto yenye iliki, na ndizi mbivu. Giligilani na shamari aliziruhusu. Pilipili aliikataa kabisa. Githeri ya mahindi makavu, kwa hesabu yake, huzidisha upepo, na mursik ya jirani zangu Wakalenjin huchochea moto kwa uchachu wake. (Githeri niliiacha bila huzuni, mursik niliililia.) Mlo mkubwa uwe wa adhuhuri, na saa nne ya usiku inikute kitandani. Julai nijipake mafuta ya ufuta, yenye joto. Januari, jua linapokausha nyasi na vumbi kutanda mjini, nijipake ya nazi, yaliyo baridi.

Je, ni kweli? Sayansi ya leo haina kipimo cha vata wala pitta, nami sikuona haja ya kujifanya ninacho. Lakini kula kwa wakati, kulala mapema na kupunguza pilipili ni mambo ambayo hata asiyeamini Ayurveda hawezi kuyabeza. Magoti yangu yalipata nafuu. Tumbo lilitulia kwa majuma kadhaa, kisha siku moja choo changu kikawa cheusi kama lami.

Nilimweleza mama yule nikitazamia unga mwingine. Akaufunga mkebe wake. "Hiyo ni damu, Mwalimu. Nenda hospitali leo hii. Dukani kwangu huna dawa." Daktari alikuta kidonda tumboni, na ndani yake vile vijidudu ambavyo Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walivitambua kuwa chanzo cha vidonda vya namna hiyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Dawa za majuma mawili ziliviua. Giligilani isingeviua hata ningeila kwa kilo.

Baadaye nilimsomea habari nyingine. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, Marekani, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Alinyamaza kitambo, akashusha kutoka rafuni vichupa vya vidonge vilivyotoka ng'ambo, asivijue vilitengenezwaje, akaviweka kando. Viungo vyake alikuwa akivisaga mwenyewe. Hivyo ndivyo ninavyonunua hadi leo, na ufuta kila Juni, kabla baridi haijaingia.