Chaja Isipotambulika: Kabla Hujamwachia Fundi Laptopu Yenye Picha za Maharusi



Leo si singo wala hina. Leo ni chaja ya laptopu, na naomba msinikimbie. Wengi wetu tunaoshona, tunaopamba na tunaopika keki za harusi, kazi zetu zimo humo: oda, madeni, michoro na picha za wateja.

Mimi ni mshonaji hapa Mwanza, upande wa Kirumba. Nashona magauni ya nikah, abaya na shela. Mashine yangu ya kutarizi husoma mchoro kutoka kwenye flashi, lakini mchoro wenyewe huandaliwa kwenye laptopu kwanza, ukakuzwa au kupunguzwa kufuata vipimo vya bibi harusi.

Nilikuwa na oda ya binti wa Ukerewe. Nguo ilitakiwa ipande meli ya Nansio siku ya Alhamisi, nikah Ijumaa. Jumatatu asubuhi nawasha laptopu, kioo kinaleta maandishi ya Kiingereza: aina ya chaja haitambuliki, betri haitachaji. Ikawaka, ila ikawa nzito kama punda mwenye mzigo. Betri ilikuwa asilimia 22 na haikupanda hata moja. Adhuhuri umeme ukakatika, nikaizima haraka nisimalize kidogo kilichobaki.

Nikaipeleka kwa kijana mmoja fundi mjini. Hakuiangalia chaja wala tundu lake. Akasema, "Dada, bodi imekufa hii. Iache, niandikie neno la siri, uje Ijumaa."

Hapo moyo ukasita. Ndani ya ile laptopu mna picha za maharusi wakijaribu nguo bila mtandio. Mna vipimo vya kifua na kiuno, na namba za simu za mama zao. Walinipa kwa sababu mimi ni mwanamke mwenzao. Hiyo ni amana. Nguo ikichelewa, hasara ni yangu na nitaomba radhi. Picha ya binti wa watu ikisambaa, nitaomba radhi kwa nani na itasaidia nini? Nikamshukuru kijana, nikaibeba laptopu yangu.

Aliyenisaidia ni dada jirani mwenye duka la steshenari. Alinieleza jambo ambalo kila mwenye laptopu anafaa kulijua. Chaja nyingi za duara, kama zile za Dell na HP, zina pini nyembamba katikati ya ncha. Pini hiyo haipitishi umeme wa kuchaji. Kazi yake ni kuiambia laptopu, "Mimi ni chaja ya aina yako, nina wati kadhaa." Laptopu isiposikia salamu hiyo, inajihadhari: inakubali kuwaka, inapunguza kasi, na inakataa kuchaji betri. Ndani ya waya mna nyuzi tatu, na uzi wa hiyo salamu ndio mwembamba kuliko zote. Waya ukikunjwa kila siku pale shingoni, huo hukatika kwanza. Ndiyo maana unaona taa ya chaja inawaka na bado laptopu inasema haiijui.

Basi tulifuata hatua hizi, na wewe zifuate kwa mpangilio.

Kwanza, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie nusu dakika. Rudisha, ujaribu. Wakati mwingine hilo tu linatosha. Kwangu halikutosha.

Pili, chukua tochi ya simu uangalie ncha ya chaja na tundu la laptopu. Pini imepinda? Tundu linachezacheza? Mna vumbi au pamba? Sisi washonaji nyuzi ziko kila mahali. Kwangu palikuwa safi.

Tatu, azima chaja ya aina ileile yenye wati zilezile. Hiki ndicho kipimo kikubwa. Ya kuazima ikitambulika, ugonjwa uko kwenye chaja yako. Nayo ikikataliwa, ugonjwa uko kwenye tundu au ndani zaidi. Jirani alikuwa nayo. Tukaichomeka, maandishi yakatoweka na betri ikaanza kupanda. Bodi iliyoambiwa imekufa ilikuwa hai.

Nne, kama unanunua, soma maandishi mgongoni mwa chaja. Volti zifanane na za zamani. Ampia ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Mfano, volti 19.5 mara ampia 3.34 ni wati 65, volti 19.5 mara ampia 4.62 ni wati 90. Laptopu ya wati 90 ukiipa chaja ya 65 italalamika, hata kama chaja ni mpya. Nenda dukani na laptopu, ichomekwe mbele yako kabla hujalipa. Kwenye Dell, bonyeza F2 inapowaka. Ukurasa wa betri utakuandikia wati za chaja iliyotambuliwa. Kwa kawaida hapo huulizwi neno la siri la kuingilia, kwa hiyo muuzaji hana haja nalo.

Na kama ugonjwa ni tundu, fundi wa kike ukimpata ni bora, la sivyo kaa hapohapo akifanya kazi. Ikibidi ilale kwake, mwambie atoe diski mbele yako urudi nayo nyumbani. Laptopu nyingi diski hutoka kwa skrubu chache, na kubadilisha tundu hakuhitaji diski. Fundi mwaminifu hatakasirika. Naye ana dada zake.

Nilinunua chaja Jumanne. Usiku huo nikatarizi, Jumatano nikapiga pasi na kufunga, Alhamisi mzigo ukapanda meli. Mama wa bibi harusi alilalamikia kitu kimoja tu: shela ndefu mno, bintiye mfupi. Alhamdulillah, hilo linarekebishika kwa sindano na mkasi.

Dada yangu, mteja akikuvulia mtandio mbele ya kioo chako, amekukabidhi sitara yake. Ilinde hata mbele ya fundi mwenye haraka.

Allah atujaalie tuwe watunza amana. Wassalaam.