Baridi ya Milima ya Djugu na Batri ya Maternite



Ukitoka Bunia asubuhi na kufuata barabara namba 27 kuelekea Mahagi, baridi haikupigi mara moja. Unafika Iga-Barrière ukiwa bado na kitenge chepesi mabegani. Kadiri barabara inavyopanda, mikaratusi inaongezeka, mashamba ya viazi na kabichi yanaanza, na wamama wanaouza kando ya njia wamevaa makoti. Ukifika upande wa Fataki na Rethy, ukungu unaweza kulala juu ya vilima mpaka jua limepanda sana. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya bahari; Rethy iko juu kwa mita mia kadhaa zaidi. Mtoto aliyezaliwa usiku kule anahitaji kufunikwa vizuri.

Miaka hii ya vita, barabara hiyo si ya matembezi. Tunapanda siku ambayo watu wa huko wanasema njia imetulia, na tunarudi mapema. Safari hii tulikwenda kuwatembelea wamama wa kikundi cha akiba katika kijiji kimoja cha milimani. Walikuwa wametoa pesa za mgawo wao wa mwaka, wakanunua batri ya litiamu, paneli mbili za jua na taa kwa ajili ya maternite. Kabla ya hapo mzalishaji alikuwa anashika simu kwa meno ili amulike, huku mikono yake ikifanya kazi.

Tulikuta taa haifiki asubuhi. Mwezi ule watoto wawili walikuwa wamezaliwa kwa mwanga wa simu tena. Shukuru Mungu, wao na mama zao ni wazima.

Sababu ilikuwa ujumbe wa simu. Ndugu wa mama mmoja, anayeishi Canada, aliandika: «Wakati wa baridi msichaji batri ya litiamu, mtaiua.» Wamama waliogopa kupoteza mali ya kikundi. Kwa hiyo kila jioni waliichukua batri, wakaifunga katika blanketi na kuiweka jikoni karibu na mbabula ya makala. Asubuhi walingoja mpaka ukungu uishe na hewa ipate joto, ndipo wakaiunganisha na paneli. Batri ilikuwa inapata jua la masaa machache tu. Usiku wa manane, taa inazimika.

Yule ndugu hakusema uongo. Kule Canada, katika mji kama Winnipeg, mwezi wa kwanza baridi inashuka mpaka digri 20 chini ya sifuri, na siku nyingine zaidi. Watu wa huko wanatia batri za namna hii katika magari yenye kitanda na jiko, wanayotumia wakati wa likizo. Gari likikaa nje, batri inapoa kama kila kitu kingine.

Tufikirie watoto wa shule wanaoingia darasani kwa mlango mmoja. Unapochaji batri, litiamu inatembea kutoka upande mmoja na kuingia ndani ya kaboni iliyo upande wa pili. Hewa ikiwa ya kawaida, inaingia vizuri, kila chembe inapata kiti chake. Chini ya digri sifuri mwendo wake unakuwa mzito, lakini chaja inaendelea kusukuma. Litiamu inayokosa kuingia inarundikana mlangoni na kugeuka kuwa chuma. Sehemu kubwa yake hairudi tena kufanya kazi, na batri inabaki na nguvu pungufu kwa siku zake zote. Ikirundikana sana inaweza kutoboa kizuizi cha ndani na kuleta moto. Ndiyo maana batri nyingi za litiamu zinaandikwa kwamba zichajiwe kati ya digri 0 na 45. Kutoa umeme wakati wa baridi kunaruhusiwa, ila batri inatoa kidogo kuliko kawaida.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Bunia joto la kawaida ni digri 23 hivi. Kila unapopanda mita 1,000, hewa inapoa kwa digri 6 au zaidi kidogo. Ili ufike digri sifuri, unapaswa kupanda kama mita 3,500 juu ya Bunia, maana yake karibu mita 4,800 juu ya bahari. Mahali pa namna hiyo papo, ila ni kwenye Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109 na barafu yake. Mtu anayepanda kule na batri yake ausikilize ujumbe wa Canada. Katika vijiji vya Djugu baridi inatetemesha mwili, lakini haifiki sifuri. Chumba cha digri 10 au 12 alfajiri hakizuii batri kuchajiwa.

Hatari ilikuwa jikoni. Karibu na mbabula, batri inaweza kupita digri 45 bila mtu kujua, na blanketi linazuia joto lisitoke. Joto kali linazeesha batri haraka, na cheche ya makala juu ya blanketi inaweza kuchoma nyumba nzima. Chumba kidogo chini ya mabati, jua la mchana likiwaka, nacho si mahali pazuri.

Pamoja na mzalishaji tulitafuta nafasi nyingine. Batri iliwekwa juu ya ubao ndani ya chumba cha dawa, mbali na moto, mbali na ukuta unaolowa, bila blanketi. Inabaki imeunganishwa na paneli tangu jua linapotoka, kwa sababu hata mwanga wa ukungu unaleta umeme kidogo. Paneli zinapanguswa vumbi kila juma. Kile kisanduku kati ya paneli na batri kilikuwa kimepangwa kwa batri ya maji, ile ya gari. Fundi akakigeuza kiwe cha litiamu. Tena wamama wakakubaliana: simu za watu zinachajiwa mchana tu, batri ikiwa imejaa, na siku ya mvua hakuna simu hata moja. Kanuni hii ilileta maneno, kwa sababu pesa za simu zilikuwa zinaingia katika sanduku la kikundi. Mama mwenyekiti aliuliza ni nani kati yao yuko tayari kuzaa gizani kwa ajili ya pesa za simu tatu. Neno likaisha hapo. Juma lililofuata mzalishaji alituma habari kwamba taa inafika asubuhi.

Kwa vikundi vya Bunia vinavyotaka kununua: angalieni kama batri imeandikwa LiFePO4. Aina hiyo haina kobalti, na inavumilia joto kuliko aina nyingine nyingi za litiamu. Mwulizeni muuzaji kama ndani yake mna kinga inayokata umeme batri ikijaa kupita kiasi, ikiisha kabisa au ikipata joto kali. Nunueni mkihesabu miezi ya mvua, si mwezi wa kwanza ambapo jua linawaka kila siku.

Na mwenye ndugu Canada au Norvège amwambie hivi: batri iliyolala kwenye baridi iingizwe nyumbani kwanza, ikae mpaka ipate joto la chumba, ndipo ichajiwe. Isiwekwe karibu na moto, huko wala hapa.